Anayetoa Bomu Anabaki na Deni

Hotuba kwa wanafunzi wa sheria na wananchi waalikwa, Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wanafunzi, nanyi mliotoka kazini mkaja hapa moja kwa moja bila kupita nyumbani, nawashukuru kwa kuja. Niliombwa nizungumze juu ya silaha na maadili. Mada hiyo ni pana mno kwa jioni moja, kwa hiyo nimechukua tukio moja tu, na nitakaa nalo.

Tarehe 7 Julai 2023 serikali ya Rais Joe Biden ilitangaza kwamba Marekani itaipa Ukraine makombora ya mizinga yenye mabomu ya mtawanyiko, yale ambayo baadhi ya redio zetu huyaita mabomu ya vishada. Mshauri wa Rais wa usalama wa taifa, Jake Sullivan, alisimama mbele ya waandishi wa habari akakiri kwamba silaha hizo zinawahatarisha raia kwa sababu ya vijibomu visivyolipuka, na kwamba ndiyo maana uamuzi ulisogezwa mbele kwa kadiri ilivyowezekana. Rais mwenyewe alisema ulikuwa uamuzi mgumu sana. Mimi nawaamini wote wawili. Naamini walikosa usingizi. Lakini mtu anaweza kuumia moyoni akiamua jambo, na jambo lenyewe likawa bado si la haki kwa yule litakayempata.

Kwanza mjue niliposimama, ili asije mtu akanisikia vibaya. Ukraine ilivamiwa. Februari 2022 majeshi ya Urusi yalivuka mpaka wa nchi huru, na tangu hapo yamebomoa miji, yamewaua raia na yamewafanya mamilioni kuwa wakimbizi. Nchi iliyovamiwa ina haki ya kujilinda, na haki hiyo imeandikwa katika Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Sisi tuliovamiwa Kagera mwaka 1978 hatuhitaji kuelezwa sana maana yake. Anayeisaidia Ukraine kujilinda hafanyi kosa kwa kuisaidia. Swali langu ni amesaidia kwa kitu gani, na kitu hicho kitamfanya nini mtu ambaye hakuwemo kabisa katika ugomvi huu.

Nitakachokitetea leo ni hiki: anayetoa silaha ya namna hii anaingia kwenye deni ambalo haliishi vita vikiisha. Na deni hilo hawezi kumtwisha aliyepokea, hata kama aliyepokea aliomba kwa kinywa chake mwenyewe.

Tuanze na silaha yenyewe, kwa sababu watu wengi hubishana juu yake bila kujua inavyofanya kazi. Kombora la kawaida la mzinga wa milimita 155 linalipuka mara moja, mahali pamoja. La mtawanyiko linafunguka likiwa bado angani na kumwaga vijibomu. Aina iitwayo M864 inabeba vijibomu 72. Aina ya zamani zaidi, M483A1, inabeba 88. Kila kijibomu kina utepe mfupi wa kitambaa unaokiweka wima kinapoanguka, ili kitue kichwa chini. Kikilipuka, nguvu yake moja inakwenda chini kutoboa chuma, na vipande vyake vinaruka pembeni kutafuta miili. Kikitua kwenye tope, kwenye theluji, kikanaswa na matawi au kuzama kwenye udongo uliolimwa, kinaweza kisilipuke. Basi kinabaki hapo. Hakina saa ya kukizima. Mtu akikigusa kwa jembe, kwa kiatu au kwa mkono, kinaweza kumaliza kazi kiliyoshindwa kuifanya siku ya kwanza.

Sasa niwatendee haki wanajeshi wa Ukraine. Majira yale ya joto ya mwaka 2023 walikuwa wanashambulia ngome za Warusi upande wa Zaporizhzhia na kwingineko: mahandaki, mstari nyuma ya mstari, na mbele yake mashamba ya mabomu ya ardhini yaliyotegwa kwa wingi wa kutisha. Walikuwa wanafyatua maelfu ya makombora kwa siku, na ghala za washirika wao zilikuwa zinakauka. Dhidi ya askari waliotawanyika ndani ya mahandaki, kombora moja la mtawanyiko linafanya kazi ya makombora kadhaa ya kawaida. Kamanda anayeona vijana wake wanakatwa kila siku hawezi kulaumiwa kwa kuomba kitu hicho. Ningekuwa yeye, pengine ningeomba.

Ndiyo maana swali langu simpelekei yeye. Nampelekea aliyekuwa na ghala, aliyekaa mbali, aliyekuwa na nafasi ya kufikiri.

Huyo alikuwa na hoja zake, na nzito kuliko zote aliisema Colin Kahl wa wizara ya ulinzi ya Marekani: kwamba jambo baya kuliko yote kwa raia wa Ukraine ni Urusi kushinda vita hivi. Sitaipuuza hoja hiyo, na nitairudia. Nyingine zilikuwa tatu. Kwamba Urusi inayatumia mabomu haya tayari, tena kwa mamilioni ya vijibomu. Kwamba Ukraine itayatumia kwenye ardhi yake yenyewe, kwa hiyo ina kila sababu ya kuwa mwangalifu. Na kwamba mabomu ya Marekani ni bora: vijibomu visivyolipuka havizidi asilimia 2.35, wakati vya Urusi hufika asilimia 30 hadi 40.

Hoja ya kwanza sitakaa nayo sana. Dawa ya moto ni moto, watu husema. Ni kweli Urusi imeyatumia. Tarehe 8 Aprili 2022 kombora lenye mabomu ya mtawanyiko lilipiga kituo cha treni cha Kramatorsk, kikiwa kimejaa kinamama, watoto na wazee waliokuwa wakikimbia vita, na zaidi ya watu 50 waliuawa. Wiki chache kabla ya hapo, Februari 2022, msemaji wa Ikulu ya Marekani, Jen Psaki, aliulizwa juu ya taarifa kwamba Urusi inatumia silaha za aina hiyo. Akajibu kwamba zikithibitika, huenda ni uhalifu wa kivita. Kama jambo ni ovu kwa kulitazama kituo cha Kramatorsk, uovu wake haufutiki kwa kuwa safari hii mfyatuaji ni rafiki yetu. Mtu anaweza kunijibu kwamba Psaki alikuwa anazungumzia kupiga raia, na kwamba Ukraine iliahidi kupiga askari. Sawa. Tofauti hiyo ipo siku ya kufyatua. Mwaka wa tano, wa kumi na wa ishirini haipo tena, kwa sababu kijibomu kilichobaki shambani hakijui kilitupwa kwa nia gani.

Nataka nikae zaidi kwenye asilimia. Hapo ndipo akili za watu zilipolazwa.

Asilimia 2.35 inasikika ndogo. Ukipewa mtihani ukakosa asilimia mbili unashangilia. Hebu tufanye hesabu. Kombora la vijibomu 72, asilimia 2.35 yake ni karibu kijibomu kimoja na robo tatu kwa kila kombora. Fyatua makombora 1,000, ambayo kwa vita vile si mengi, na umeacha vijibomu vipatavyo 1,700 ardhini. Kwa kombora la vijibomu 88, umeacha zaidi ya 2,000. Na hiyo ni hesabu ya ahadi yenyewe, kabla hatujaitilia shaka.

Tunayo sababu ya kuitilia shaka. Taarifa za awali za jeshi hilohilo la Marekani zilikuwa zimetaja asilimia 14 au zaidi kwa vijibomu vya aina hii. Kwa asilimia 14, makombora yaleyale 1,000 yanaacha vijibomu zaidi ya 10,000. Namba nzuri hutoka kwenye uwanja wa majaribio: ardhi ngumu, hali ya hewa iliyochaguliwa, mafundi waliotulia. Vita haviendi hivyo. Kombora limekaa ghalani miongo kadhaa, linafyatuliwa na kijana ambaye hajalala, kuelekea shamba lililolowa mvua.

Mfano uliowazi kuliko yote ni Lebanon. Katika vita vya Julai na Agosti 2006, Israel ilimwaga kusini mwa nchi hiyo vijibomu ambavyo Umoja wa Mataifa ulikadiria vilifika milioni nne. Sehemu kubwa sana ya mashambulizi hayo ilifanyika katika saa 72 za mwisho, wakati kila mtu alishajua kwamba vita vinasimama. Jan Egeland, aliyekuwa mratibu wa misaada ya kibinadamu wa Umoja wa Mataifa, alisema waziwazi kwamba kitendo hicho hakina maadili hata kidogo. Miongoni mwa vijibomu hivyo vilikuwemo vya aina ya M85 vyenye kifaa cha kujilipua vyenyewe endapo mlipuko wa kwanza utashindikana. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vya kisasa, vya kujivunia. Ilisemwa kwamba visivyolipuka ni kama asilimia moja tu. Wategua mabomu walipoingia mashambani wakahesabu walichokikuta, ripoti ya mwaka 2007, ambayo shirika la Norwegian People's Aid lilishiriki kuiandaa, ikaonyesha kwamba vilivyobaki ni karibu asilimia kumi. Na vijibomu vya Marekani nilivyowatajia, vile vya M864 na M483A1, havina hata hicho kifaa cha kujilipua.

Marekani yenyewe ilikuwa inajua. Sheria za bajeti zilizopitishwa na Bunge lake mwaka baada ya mwaka zimekataza kuuza au kutoa nje mabomu ya mtawanyiko ambayo vijibomu vyake visivyolipuka vinazidi asilimia moja. Hata ile namba nzuri ya 2.35 ilikuwa imevuka mstari huo. Rais alitumia mamlaka maalumu aliyopewa na sheria ya misaada ya nje kuruka kizuizi. Kisheria aliweza. Lakini kizuizi kile hakikuwekwa na maadui wa Marekani. Kiliwekwa na wabunge wake, baada ya kutazama walichokiacha nyuma yao duniani.

Na walichokiacha kipo Laos.

Laos haikuwa imetangaziwa vita na mtu yeyote. Kati ya mwaka 1964 na 1973, wakati wa vita vya Vietnam, ndege za Marekani ziliruka juu ya nchi hiyo ndogo safari zipatazo 580,000 za kudondosha mabomu, na kumwaga zaidi ya tani milioni mbili. Ndani ya mabomu hayo vilikuwemo vijibomu milioni 270. Inakadiriwa kwamba vipatavyo milioni 80 havikulipuka. Watu wa kule huviita bombi. Bombi inatosha kiganjani mwa mtoto, na ni ya mviringo, na mtoto akiiona kitu cha kwanza anachofikiri ni mchezo. Mkulima anaigonga kwa jembe. Mama anakoka moto kondeni apike chakula cha mchana, na chini ya moto huo, sentimita chache tu, ipo moja iliyolala tangu kabla mama huyo hajazaliwa, joto linaiamsha. Wengine wamekufa wakikusanya vyuma chakavu vya kuuza, kwa sababu katika mkoa kama Xieng Khouang mtu maskini ana shamba lililojaa chuma ambacho mnunuzi atakilipia.

Tangu vita viishe mwaka 1973, watu wapatao 20,000 wameuawa au kujeruhiwa na mabaki hayo nchini Laos. Nasema tena, tangu vita viishe. Wengi wao hawakuwahi kusikia mlio wa ndege hata moja. Na ardhi iliyosafishwa mpaka leo ni sehemu ndogo sana ya ile iliyochafuliwa, kwa sababu kusafisha ni kazi ya mtu aliyepiga magoti na kifaa cha kunusa chuma, mita kwa mita.

Septemba 2016 Barack Obama alikwenda Vientiane, rais wa kwanza wa Marekani kufika Laos akiwa madarakani. Alisema nchi yake ina wajibu wa kimaadili wa kuisaidia Laos kupona, akaahidi dola milioni 90 kwa miaka mitatu. Lilikuwa neno jema na la kiungwana. Lilikuja miaka 43 baada ya bomu la mwisho. Makamu wake wa rais wakati huo alikuwa Joe Biden. Miaka saba baadaye Biden huyohuyo anatia saini kupeleka vijibomu kwenye mashamba ya nchi nyingine, wakati deni la Laos halijalipwa hata robo yake.

Ndiyo maana sikushangaa sauti za kwanza kutoka Asia zilipotoka pale. Hun Sen, aliyekuwa waziri mkuu wa Cambodia, na ambaye mimi si shabiki wa siasa zake, aliwasihi marais wote wawili, wa Marekani na wa Ukraine, wasitumie mabomu hayo, akisema hatari yake kwa Waukraine itadumu miongo mingi, pengine miaka mia. Wizara ya mambo ya nje ya Laos ikatoa tamko la masikitiko, ikijitaja kuwa nchi iliyoumizwa zaidi duniani na silaha hii. Hao hawakuwa wanatetea Urusi.

Sasa twende kwenye hoja ya ardhi yao wenyewe. Hii inawashika watu wengi wema. Oleksii Reznikov, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Ukraine, alitoa ahadi tano: hatutayapiga ndani ya ardhi ya Urusi, hatutayatumia mijini, tutaandika kila mahali tulipoyatumia, tukikomboa maeneo, hayo ndiyo yatakayosafishwa kwanza, na tutatoa taarifa kwa washirika wetu. Ni ahadi za mtu mwenye aibu na utu, na kuandika kumbukumbu hizo kutaokoa watu. Nazipokea. Lakini Julai hiyohiyo, siku moja kabla ya tangazo la Marekani, shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti kwamba mashambulizi ya mabomu ya mtawanyiko ya Ukraine yenyewe dhidi ya mji wa Izium, mwaka 2022, ulipokuwa mikononi mwa Warusi, yaliua raia wasiopungua 8 na kujeruhi 15. Serikali ya Ukraine ilikana. Nayataja haya kwa sababu moja: ahadi ya kutopiga mijini hutolewa ofisini, na vita huingia mijini bila kuomba ruhusa.

Kuna jambo zito zaidi ya hilo. Wanaposema Ukraine imeridhia, wanamaanisha serikali imeridhia. Serikali ina haki ya kusema kwa niaba ya watu wake, hata kuwapeleka kufa vitani. Askari anajua alipo. Raia aliye kwenye eneo la vita, akiweza, anakimbia. Lakini mtoto atakayezaliwa kijiji fulani cha Zaporizhzhia mwaka 2035, atakayekwenda machungani mwaka 2042, nani alimuuliza? Hatapata faida ya lile handaki lililotekwa mwaka 2023 zaidi ya wenzake wa mikoa mingine. Gharama atailipa yeye peke yake, kwa mguu wake. Mtu akikuambia "shamba ni langu, nipe sumu niimwage," na wewe unajua wajukuu zake watakula humo, huwezi kusema umemaliza wajibu wako kwa kuwa mwenye shamba aliomba.

Nirudi kwa Kahl, kwa sababu niliahidi. Je, Urusi ingeshinda kwa kukosekana kwa makombora haya? Kama ndiyo, mtoto wangu wa mwaka 2042 angekulia chini ya utawala uliowafunga na kuwatesa wazazi wake. Hilo nalo ni kovu. Mbele ya hoja hiyo siwezi kuondoka kwa wepesi, na mtu yeyote anayeondoka kwa wepesi hajafikiri vya kutosha. Mwenzako akipiga yowe usiku, unatoka na ulicho nacho mkononi, na kesho yake hakuna atakayekuuliza kwa nini hukutoka na kitu kizuri zaidi.

Isipokuwa Marekani haikushtuliwa usingizini. Vita vilikuwa na miezi kumi na sita. Kabla ya uvamizi, nchi hiyo tajiri kuliko zote duniani ilikuwa inatengeneza makombora ya kawaida ya milimita 155 kama 14,000 tu kwa mwezi, na viwanda vyake, pamoja na vya Ulaya, vilichelewa mno kuongeza kasi wakati kila mtu alikuwa anaona makombora yanavyokwisha. Biden mwenyewe alieleza kwamba mabomu haya ni ya kipindi cha mpito, mpaka makombora ya kawaida yatakapotengenezwa ya kutosha. Maana yake ni kwamba dharura ile ilikuwa, kwa sehemu, imepikwa na wanaoitumia kama sababu. Ucheleweshaji wa bajeti na viwanda huko Marekani na Ulaya umelipiwa na ardhi ya wakulima wa Ukraine.

Na kwa nini kilichokuwepo ghalani kilikuwa hicho? Mwaka 2008 waziri wa ulinzi Robert Gates aliamuru kwamba baada ya mwaka 2018 jeshi la Marekani lisitumie tena mabomu ya mtawanyiko yanayoacha zaidi ya asilimia moja. Mwishoni mwa 2017, kabla tarehe haijafika, amri hiyo ikafutwa kwa maelezo kwamba mbadala haujapatikana. Basi yale makombora yaliyokuwa yamehukumiwa kuondolewa yakabaki kwenye ghala, na yakapata safari. Lazima niseme wazi kinachoniuma hapa: kitu ambacho waziri wako alikiona hakifai tena kutumiwa na askari wako, umekipeleka kwa maskini aliyezingirwa na kukiita msaada.

Kuna waliopinga ndani ya Marekani, na wanastahili kutajwa. Wabunge Sara Jacobs na Ilhan Omar walitaka kupiga marufuku kabisa usafirishaji wa silaha hizi nje. Ilhan ni mzaliwa wa Somalia, na sehemu ya utoto wake aliishi kama mkimbizi kambini karibu na Mombasa, kwa hiyo anajua vita huwaacha watu wapi. Tarehe 13 Julai 2023 pendekezo la kuzuia kuyapeleka Ukraine lilipigiwa kura katika Baraza la Wawakilishi. Waliounga mkono walikuwa 147, waliokataa 276.

Walioniangusha zaidi ni wale waliotia saini mkataba. Mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya mtawanyiko ulipitishwa Dublin Mei 2008, ukatiwa saini Oslo Desemba mwaka huo, na ukaanza kutumika tarehe 1 Agosti 2010. Unakataza kutumia, kutengeneza, kulimbikiza na kuhamisha. Unakataza kumsaidia mtu mwingine kuyafanya hayo. Na Ibara yake ya 21 inazitaka nchi wanachama zijitahidi kumzuia asiye mwanachama asiyatumie. Marekani, Urusi na Ukraine hazimo, kwa hiyo kwa mkataba huo hazikuvunja ahadi. Uingereza imo, na Rishi Sunak, waziri mkuu wake wa wakati huo, angalau alilisema hilo. Uhispania ilisema silaha za aina hii hazifai kupelekwa. Ujerumani imo, na mtu aliyetia saini kwa niaba yake kule Oslo alikuwa waziri wa mambo ya nje Frank-Walter Steinmeier. Mwaka 2023, akiwa rais wa nchi, aliulizwa juu ya uamuzi wa Marekani. Alisema bado anaona kupinga silaha hizo ni sahihi, lakini kwa hali ilivyo Ujerumani haiwezi kuizuia Marekani. Mkataba hauombi mtu aishike Marekani mkono kwa nguvu. Unaomba ajitahidi, na kusema kwa sauti ni sehemu ya kujitahidi.

Ukimya huo ulizaa matunda. Mwaka 2024 bunge la Lithuania lilipiga kura kujitoa, na tarehe 6 Machi 2025 Lithuania ikawa nchi ya kwanza kutoka kwenye mkataba huu. Inapakana na ardhi ya Urusi, na naielewa hofu yake. Lakini angalieni njia ilikopitia: mwenye nguvu alisema silaha hii ni mbaya ila leo inahitajika, wanachama wakatazama pembeni, na aliye mdogo na mwenye hofu akafikia hitimisho lake.

Sasa tuje nyumbani, maana ni rahisi kuwahukumu wa mbali. Afrika ilikuwa na sauti kubwa katika kuzaliwa kwa mkataba huu. Kabla ya Dublin, nchi zetu zilikutana Livingstone, Zambia, zikakubaliana kudai marufuku kamili, bila mianya. Baada ya Dublin zikakutana Kampala kuhimiza saini. Kule Oslo Tanzania ilitia saini. Kenya ilitia saini. Uganda ilitia saini. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifuata mwaka 2009. Burundi na Rwanda ziliridhia, yaani zilikubali rasmi kufungwa na mkataba. Somalia, pamoja na shida zake zote, iliridhia mwaka 2015. Sudan Kusini, nchi ambayo watu wake wamezikwa na silaha hizi tangu enzi za vita vya Khartoum, na ambako mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulikuta mabaki mapya kando ya barabara ya Juba kwenda Bor, ilijiunga Agosti 2023, mwezi mmoja tu baada ya tangazo la Marekani.

Na Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo? Hadi mwaka 2024, miaka kumi na sita tangu Oslo, hakuna hata moja kati ya hizo nne iliyokuwa imeridhia. Kwa Kongo ninaumia maradufu, kwa kuwa mabaki ya mabomu haya yameripotiwa katika ardhi yake yenyewe.

Nimesikia maelezo kwamba saini inatosha, kwamba hatuna adui wa kutupia mabomu hayo, kwamba kuna mambo ya haraka zaidi. Lakini nchi iliyotia saini bila kuridhia haiwezi kumwambia Steinmeier chochote. Haiwezi kuilaumu Lithuania kwa kutoka kwenye nyumba ambayo yenyewe haijaingia.

Ninachodai kwa mtoaji wa Julai 2023 kinatekelezeka. Atoe hadharani idadi ya makombora aliyoyapeleka na aina zake, ili wategua mabomu wajue wanatafuta nini. Ahakikishe kumbukumbu alizoahidi Reznikov zinatunzwa na zinafika mikononi mwa wanaosafisha ardhi. Aweke fedha ya kusafisha na ya kuwatibu watakaoumia, kwa sheria, kwa miaka mingi, isiyotegemea nani yuko Ikulu ya Washington. Laos isisubirishwe tena ili Ukraine ipate, wala Ukraine isisubirishwe miaka 43. Na ghala zilizobaki ziteketezwe.

Kwa serikali yetu dai langu ni dogo zaidi. Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ya namna hii. Jukumu la kuupeleka mkataba huo bungeni ni la serikali. Ninyi wanafunzi wa sheria mliopo hapa mnao wabunge wa majimbo mnakotoka, na kwenye vikao vya wananchi huwa wanauliza kama kuna swali. Waulizeni ni lini azimio la kuridhia mkataba wa mabomu ya mtawanyiko litaletwa, na jibu lao mliandike, pamoja na tarehe.